Georg Simon Ohm: mwalimu aliyeacha kazi kwa ajili ya sheria ya umeme

Kunako mwezi wa tatu mwaka wa 1828, mwalimu wa hesabu na fizikia wa sekondari moja ya mji wa Cologne, nchini Ujerumani, aliacha kazi yake. Alikuwa na umri wa miaka 39 hivi. Hakuwa na mke wala watoto, na hakukuwa na kazi nyingine iliyomngojea. Alichokuwa nacho ni kitabu kimoja, kilichotoka mwaka uliotangulia mjini Berlin, ambacho wakubwa wa elimu hawakukipa thamani. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na sheria ambayo leo mwanafunzi wa ufundi wa umeme anafundishwa katika wiki za kwanza, kabla hata ya kuruhusiwa kugusa waya.

Mwalimu huyo ni Georg Simon Ohm.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka wa 1789 katika mji mdogo wa Erlangen. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake alikuwa binti wa fundi cherehani. Watoto walizaliwa saba, lakini waliokua ni watatu tu: Georg Simon, mdogo wake Martin, na dada yao Elizabeth Barbara. Georg alipokuwa na miaka kumi, mama akafariki.

Baba huyo hakuwa fundi wa kawaida. Hakusoma shule ya maana, lakini alijifundisha mwenyewe hesabu na elimu ya viumbe na vitu, na jioni akiisha kuweka chini tupa na nyundo aliwafundisha wanawe wawili. Vijana wakapata kwake zaidi ya walichopata shuleni. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Karl Christian von Langsdorf, aliwapima na kushangaa. Akawafananisha na ndugu wa ukoo wa Bernoulli wa Uswisi, waliokuwa na sifa kubwa katika hesabu. Martin kweli akawa mwanahesabu. Georg alichukua pia kitu cha pili kutoka karakana ile: mikono inayojua kukata, kunyoosha na kuunganisha metali. Baadaye mikono hiyo ndiyo itakayomsaidia kuliko vitabu.

Mwaka wa 1805 aliingia chuo kikuu, na hapo akapotea njia kidogo. Alipenda dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu kuliko masomo. Baba, aliyejinyima kwa ajili yake, alikasirika sana. Baada ya mihula mitatu tu kijana akatolewa chuoni na kupelekwa Uswisi, akawe mwalimu wa hesabu katika shule ya Gottstadt. Alikuwa bado hajafikisha miaka 18. Miaka ile ya Uswisi ilimtuliza. Alisoma peke yake vitabu vya Euler, Laplace na Lacroix, na mwaka wa 1811 akarudi Erlangen, akapata udaktari mwezi wa kumi wa mwaka huohuo.

Shahada haikumletea chakula. Alifundisha chuoni mihula mitatu, malipo yakawa haba, akaondoka. Akapewa kazi katika shule dhaifu ya mji wa Bamberg, ambayo ilifungwa mwaka wa 1816. Ndipo mwaka wa 1817 akapata nafasi Cologne, katika sekondari ya zamani ya Wajesuiti. Shule hiyo ilikuwa na kitu ambacho Ohm hakuwahi kuwa nacho: maabara yenye vifaa.

Ili kuelewa alichofanya mle ndani, ni lazima kukumbuka umeme ulikuwa nini wakati ule. Mwaka wa 1800 Alessandro Volta wa Italia alikuwa ametangaza betri ya kwanza, yaani visahani vya metali mbili tofauti vilivyopangwa kwa zamu, na katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Ukiunganisha waya kutoka kichwa cha rundo hilo hadi chini yake, umeme unapita mfululizo. Mwaka wa 1820, Hans Christian Ørsted wa Copenhagen aligundua kwamba waya unaopitisha umeme husogeza sindano ya dira iliyo karibu. Kwa hiyo palikuwa na chombo cha kutoa umeme, palikuwa na waya wa kuupitisha, na sasa palikuwa na njia ya kuona kama umeme unapita. Kilichokosekana ni hesabu. Hakuna aliyeweza kusema mapema: kwa betri hii na waya huu, umeme utakaopita ni kiasi hiki.

Wataalamu walikuwa wanagongana na mambo yasiyoeleweka. Mara nyingine kuongeza visahani kwenye betri kuliongeza nguvu ya umeme. Mara nyingine hakukubadilisha chochote. Waya mfupi ulifanya kazi vizuri, waya mrefu ukadhoofisha kila kitu. Mwaka wa 1825 Peter Barlow wa Uingereza alijaribu kutuma umeme kwenye waya wa futi 200, sawa na mita 60 hivi, akaona unapungua sana, akakata tamaa kwamba simu ya maandishi kwa umeme haiwezekani. Wengi walimwamini.

Mwaka huohuo wa 1825 Ohm naye alipima jinsi umeme unavyopungua kadiri waya unavyorefuka. Akaandika hesabu yake, akaitangaza kwa haraka. Ilikuwa na makosa. Betri ya Volta aliyotumia haikutulia: mara tu inapounganishwa hutoa nguvu nyingi, kisha inashuka, kisha inapanda tena. Mtu anayepima kwa chombo kama hicho ni kama mfanyabiashara anayepima unga kwa mizani inayocheza.

Mhariri wa jarida moja kubwa la fizikia, Johann Christian Poggendorff, alimshauri aachane na betri na kutumia ugunduzi mwingine wa karibuni. Mwaka wa 1821 Thomas Seebeck alikuwa ameonyesha kwamba ukiunganisha metali mbili katika duara, kisha ukapasha moto kiungo kimoja na kupoza kingine, umeme unapita. Ohm akachukua kipande cha bismuti, akakiunganisha na shaba pande zote mbili. Kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Maji yakichemka hayapandi joto tena, na barafu ikiyeyuka haishuki tena. Tofauti kati ya viungo ikabaki ileile saa baada ya saa, na msukumo wa umeme ukatulia pamoja nayo.

Kisha akatengeneza kipimo. Alining'iniza sindano ya sumaku kwa uzi mwembamba wa metali juu ya njia ya umeme. Umeme ukipita, sindano inageuka. Ohm anazungusha kichwa cha uzi mpaka sindano irudi mahali pake, halafu anasoma amezungusha kiasi gani. Kadiri anavyozungusha sana, ndivyo umeme ulivyo mwingi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1826 aliweka mezani nyaya nane za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti. Mfupi kabisa ulikuwa wa inchi 2, mrefu kabisa wa inchi 130. Aliziunganisha moja baada ya nyingine, akapima, akarudia siku nyingine, akarudia tena. Namba zote zikakubaliana na kanuni moja fupi: nguvu ya umeme ni namba fulani, igawanywe kwa jumla ya namba nyingine na urefu wa waya.

Namba mbili hizo ndizo zilizokuwa siri yenyewe. Ohm alipobadilisha joto, badala ya maji yanayochemka akatumia joto la chumba, namba ya kwanza ilishuka lakini ya pili haikubadilika. Basi ya kwanza ni msukumo, yaani kile ambacho leo kinapimwa kwa volti. Ya pili ni kizuizi cha sehemu nyingine zote za njia, pamoja na chombo chenyewe kinachotoa umeme. Waya unaojaribiwa unaongeza kizuizi chake juu ya hicho.

Hapa ndipo Ohm alipowapita wenzake. Wao waliona betri kama mahali panapofanya kazi yote, na waya kama barabara tu. Yeye aliona duara zima. Umeme hauwezi kupita kama duara limekatika mahali popote. Ndiyo maana swichi, ambayo haifanyi kingine zaidi ya kukata na kuunga, inatosha kuzima taa. Na duara likiwa zima, kila kilichomo kinachangia kizuizi: waya, taa, viungo vilivyoshika kutu, na betri yenyewe kwa ndani.

Kwa lugha ya leo hesabu ni nyepesi. Chukua volti, gawa kwa omu, unapata ampea. Betri ya volti 12 ikiunganishwa na taa yenye ukinzani wa omu 6, zinapita ampea 2. Ukiweka taa ya pili kama hiyo mbele ya ya kwanza kwenye njia ileile, ukinzani unakuwa omu 12, ampea inabaki 1, na taa zote mbili zinafifia. Moja ikiungua, zote zinazimika. Lakini ukiipa taa ya pili njia yake mwenyewe kutoka betri, kila taa inapata ampea zake 2, na betri inalazimika kutoa 4. Nyumba zinafungwa kwa namna hii ya pili, na ndiyo sababu anayeongeza vyombo vingi kwenye waya mmoja mwembamba anaona waya unapata joto. Fyuzi imewekwa pale kusudi iungue yenyewe kabla ya nyumba.

Fumbo la visahani nalo likafunguka. Kila kisahani kinachoongezwa kinaleta msukumo wake, lakini kinaleta pia ukinzani wake. Kama njia ya nje ni waya mfupi mnene, karibu ukinzani wote uko ndani ya betri. Msukumo na kizuizi vinapanda pamoja, na hakuna faida. Kama njia ya nje ni ndefu, faida inaonekana. Mwenye redio ya mawe anakutana na jambo hilohilo: mawe yaliyochoka yanaweza kuonyesha volti nzuri kwenye kipimo, lakini yakiwekwa ndani redio inanong'ona. Ukinzani wa ndani umekuwa mkubwa.

Ohm alijaribu pia metali mbalimbali. Shaba aliiweka juu ya nyingine zote, hata juu ya fedha. Kwa fedha alikosea, maana leo inajulikana kwamba inaitangulia shaba kidogo. Lakini fedha ni ghali, na kwa hiyo ni shaba iliyozunguka dunia katika nyaya za umeme, ikiwemo ile iliyochimbwa Katanga kwa zaidi ya karne nzima.

Mwaka wa 1826 Ohm aliomba ruhusa ya mwaka mmoja aende Berlin kuandika. Alipewa, kwa nusu ya mshahara. Akakaa kwa ndugu yake Martin, akaandika, na mwaka wa 1827 kitabu kikatoka. Kinaitwa Die galvanische Kette, mathematisch bearbeitet, yaani mzunguko wa umeme ukitazamwa kwa hesabu. Alitumaini kitamfungulia mlango wa chuo kikuu.

Mlango haukufunguka. Baadhi ya wakubwa wa elimu wa Prussia waliona fizikia ni kazi ya kutazama na kueleza maumbile, na hesabu nyingi namna ile ni kama kujipamba. Mwanafizikia Georg Friedrich Pohl wa Berlin alikishambulia kitabu vikali. Wizara haikumpa Ohm kiti alichokitaka.

Hata hivyo, lawama zote haziwezi kuwekwa juu ya wakubwa hao. Kitabu ni kigumu. Ohm alikianza kwa nadharia, akifuata mfano wa Mfaransa Joseph Fourier aliyekuwa ameandika mwaka wa 1822 hesabu za jinsi joto linavyopita ndani ya vitu. Majaribio yale mazuri ya nyaya nane, ambayo mtu yeyote angeweza kuyarudia na kushawishika, hakuyatanguliza. Msomaji aliyeyakosa majarida ya mwaka wa 1826 aliweza kudhani mtu huyu ameketi mezani na kubuni. Lakini kati ya kitabu kigumu na kitabu cha uongo pana tofauti, na waliomhukumu hawakujali kupima.

Ohm akaumia moyoni, akaacha kazi ya Cologne. Akabaki Berlin karibu miaka sita akifundisha saa chache chache, pamoja na hesabu katika shule ya kijeshi, kwa pesa kidogo. Alikuwa na maabara Cologne. Berlin hakuwa nayo. Miaka hiyo, ambayo kwa mtafiti wa umri wake ingekuwa ya mavuno, ilipita karibu mikono mitupu.

Mwaka wa 1833 aliitwa na shule ya ufundi ya Nuremberg, katika ufalme wa Bavaria alikotoka, akawa profesa. Mwaka wa 1839 akafanywa mkuu wa shule. Ilikuwa heshima, lakini bado hakikuwa chuo kikuu.

Wakati huo sheria yake ilikuwa inatembea bila yeye. Gustav Fechner wa Leipzig aliirudia kwa vipimo vingi na kuitangaza mwaka wa 1831 kuwa sahihi. Nchini Ufaransa, Claude Pouillet alifikia matokeo ya aina hiyohiyo. Waliosukuma jambo zaidi, hata hivyo, ni watu wa simu ya maandishi. Nchini Uingereza Charles Wheatstone, aliyeshirikiana na William Cooke tangu mwaka wa 1837, alihitaji kujua kwa nini umeme unafia njiani. Jibu lilikuwa kwa Ohm: kama waya ni mrefu, ongeza msukumo kwa betri nyingi zilizofuatana, na tengeneza koili ya upande wa pili kwa waya mrefu mwembamba ili ilingane na njia. Kile ambacho Barlow alikiona kuwa ukuta kilikuwa hesabu ya kugawanya.

Mwaka wa 1841 Royal Society ya London ilimpa Ohm medali ya Copley, tuzo yake kubwa kabisa, na mwaka uliofuata ikamfanya mwanachama wa kigeni. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu kitabu. Waingereza ndio waliowafungua macho Wajerumani juu ya mtu wao wenyewe. Mwaka wa 1845 Gustav Kirchhoff, mwanafunzi wa miaka 21 huko Königsberg, akaichukua sheria ya Ohm na kuongeza kanuni mbili za mizunguko yenye njia nyingi: umeme unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka, na misukumo yote ya duara ikijumlishwa inamalizwa na vizuizi vyake. Kwa hizo tatu fundi anaweza kupiga hesabu ya mzunguko wa betri, nyaya na rezistansi hata kama njia zake ni mia moja.

Si kila kifaa kinamtii Ohm. Taa ya waya ikipata joto ukinzani wake unapanda, na diodi inapitisha umeme upande mmoja na kuukataa upande mwingine. Rezistansi ya redio, yule mdudu mdogo mwenye mistari ya rangi, ndiyo inayomtii vizuri, na mistari ile inataja omu zake.

Mwaka wa 1849 Ohm alihamia Munich kutunza vyombo vya fizikia vya Akademia ya Bavaria na kutoa masomo. Kiti kamili cha fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich, kile alichokitafuta tangu Berlin, alikipata mwaka wa 1852, akiwa na miaka 63. Alikikalia miaka miwili. Alifariki tarehe 6 mwezi wa saba mwaka wa 1854, akazikwa mjini humo katika makaburi ya zamani ya kusini. Hakuwahi kuoa.

Kupima ukinzani kuliendelea kuwa vurugu baada yake: kila nchi na kila kampuni ya simu ilikuwa na waya wake wa mfano. Mwaka wa 1881, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme mjini Paris, majina yakakubaliwa kwa wote: volti kwa msukumo, kwa heshima ya Volta, ampea kwa mkondo, kwa heshima ya Mfaransa Ampère, na omu kwa kizuizi. Mwaka wa 1893, huko Chicago, omu moja ikawekewa mfano wa zebaki: nguzo ya sentimita 106.3, yenye uzito wa gramu 14.4521, katika joto la barafu inayoyeyuka. Kwa maandishi ikapewa herufi ya Kigiriki Ω, kwa sababu O ya jina lake ingesomwa kama sifuri.